Mafuta Yale Yalikuwa Yangu

Vijana wa ghala la silaha wameniomba niwaandikie kitu kabla sijasahau. Walichotaka, najua, ni visa vya kuchekesha vya kusoma huku wakinywa chai: nani alisinzia lindoni, nani alipigwa teke la bega na bunduki akakaa chini bila kupenda. Vipo, na vingine nitavitia. Lakini nimekaa na kalamu hapa kibarazani kwangu Barani siku ya tatu sasa, na kila nikianza na kichekesho, mkono unarudi kwenye karatasi moja iliyotoka ndani ya faili bila kuwa na miguu. Basi nitaandika habari ya karatasi hiyo. Anayetaka kucheka acheke njiani.

Vyeo siviandiki. Nilipandishwa mara chache na kusahauliwa mara nyingi, na yote mawili yalinikuta nikiwa na mafuta mikononi. Kituo nacho sikitaji jina. Aliyekuwepo anakijua, na asiyekuwepo hakitamsaidia kitu.

Nilikuwa fundi wa silaha. Kazi yangu kubwa ilikuwa zile bunduki za zamani za mbao na chuma, zilizopigana vita vya Wazungu kabla baba yangu hajaota ndevu, kisha zikagawiwa polisi wa akiba wa vijijini. Polisi wa akiba ni mkulima tu, wa Adu au wa Ngomeni, asiye na mshahara, aliyekubali kulinda wenzake kwa bunduki ya serikali. Bunduki yenyewe hupiga risasi moja moja. Kila ukipiga, unashika bolti, kile chuma chenye mkono wa kushikia kinachofunga na kufungua kama komeo la mlango. Unakiinua, unakivuta nyuma, ganda linaruka, unakisukuma mbele, risasi nyingine inaingia. Haina haraka. Ukiitunza inakuzika wewe na wanao. Usipoitunza inaweza kukuzika mapema zaidi.

Ghalani nilipelekwa kwa adhabu. Tulikuwa wanawake wanne kituoni, mkubwa mmoja akatugawia viatu vya wanaume, nikamwambia mguu wangu hauna cheo cha kuvijaza. Kesho yake nikaambiwa nikamsaidie Sajini Ndolo kwenye silaha, mahali ambapo hakuna mwanamke aliyewahi kuwekwa na hakuna mwanamume aliyetaka kuwekwa.

Ndolo alikuwa mtu wa Kitui, mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umefanya kosa gani?"

"Nimejibu, afande."

"Basi hapa utapumzika. Hizi hazimjibu mtu." Akachukua bunduki moja kwenye rafu akanipa. "Ina risasi?"

Nikasema haina. Nilimwona akiitoa kwenye rafu, na ya kwenye rafu itakuwaje na risasi? Akaichukua akairudisha, akaniambia niende nyumbani nirudi kesho. Kesho yake akanipa ile ile, akauliza lile lile. Nikasema sijui. Akavuta kiti chake cha pili akanipangusia vumbi.

Hilo ndilo somo la kwanza na ndilo la mwisho. Mdomo wa mtutu unaelekea chini au ukutani, kidole kiko nje ya kifyatulio, unafungua bolti, unatazama, kisha unatia kidole ndani upapase, kwa sababu jicho huona linachotaka kuona. Na hata kama mwenzako ameifungua mbele yako sasa hivi, ukipokea unafungua tena. Nimepokea bunduki mikononi mwa wakubwa wenye nyota mabegani, nikafungua, nikapapasa, nao wakanuna. Mmoja aliniuliza kama simwamini. Nikamwambia wewe nakuamini, bunduki ndiyo nisiyoiamini. Hakupenda, lakini bunduki yake ilikuwa na risasi moja ndani.

Ndolo alizaliwa kwenye nchi kavu, na chumvi ya pwani aliichukua kama adui aliyemfuata yeye binafsi. Ghala letu lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa namna hiyo hutoka jasho wakati wa masika. Akasogeza rafu zote zikae mbali na ukuta upana wa shibiri. Watu wa Ngomeni walikuwa na desturi ya kuziba mdomo wa mtutu kwa kitambaa ili mchanga usiingie. Kitambaa hunyonya unyevu kikaoza chuma kwa ndani, na siku ukisahau kukitoa ukafyatua, mtutu hupasuka mbele ya uso wako. Ndolo alivikusanya vitambaa hivyo kwenye mkebe, na siku ya gwaride akimrudishia kila mtu chake kwa adabu: "Leso yako, bwana." Desturi ilikufa kwa mwezi mmoja.

Alinifundisha kuosha mtutu kwa maji yanayochemka. Wengi hushangaa, maji na chuma. Lakini risasi za zamani huacha chumvi yake ndani, na chumvi haiogopi mafuta, inaogopa maji. Unatoa bolti, unamimina birika zima kwa faneli kutoka nyuma, mpaka mtutu uwe wa moto usioshikika. Joto lenyewe linaukausha. Kisha unachukua ile kamba yenye uzito wa shaba mwishoni, unafunga kitambaa kikavu, unavuta moja kwa moja kutoka nyuma kwenda mbele bila kusugua mdomoni, kwa kuwa kamba ikila mdomo wa mtutu risasi haiendi tena unakolenga. Mwisho kabisa kitambaa chenye mafuta kidogo. Kidogo, vijana. "Bunduki si samaki wa kukaanga," Ndolo alikuwa akisema, na mimi nimelisema mpaka mkanichoka.

Na bolti msizichanganye. Kila moja imechongwa namba ya bunduki yake. Siku moja, Ndolo akiwa likizo, nikajifanya mwerevu, nikatia bolti sita kwenye ndoo moja ya mafuta ya taa ili nizioshe kwa mkupuo. Nikazirudisha kwa kubahatisha na zote zikaingia vizuri. Aliporudi akafungua ya kwanza, akasoma namba, akafungua ya pili, akakaa chini. Bolti ya bunduki nyingine huweza kufunga na isibane sawasawa, risasi ikapasukia nyuma. Hakunifokea. Aliniambia nizichukue zote sita, nizipange, na kila moja nimwambie ni jicho la nani ningekuwa nimelitoa. Nikayataja majina sita ya watu niliowajua. Baada ya hapo sikuchanganya tena.

Nilipokuwa nimemaliza miaka saba ghalani, Ndolo akastaafu, akarudi kwao. Akaniachia miwani ya akiba na kiti. Mwaka uliofuata mafuta ya bunduki yakakatika. Niliandika barua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mkuu wetu wa wakati huo akaniita, akaniambia niache kumjazia meza.

"Wewe si mtu wa pwani? Tumia akili."

Sikumlaumu kwa neno hilo wakati ule na simlaumu sasa. Akili nilitumia mwenyewe.

Mama yangu alikuwa Ngomeni, na mafuta ya nazi ya Mama yalijulikana. Anakuna, anakamua tui, anachemsha taratibu mpaka mafuta yapande juu, meupe kama maji. Kwa mafuta hayo tulipaka nywele, tukapaka watoto, tukapaka bawaba za mlango na makali ya panga. Nikaenda nikaja na dumu. Kwenye kitako cha bunduki zile pana kijimlango cha shaba, na ndani yake mna kichupa cha mafuta. Nikajaza vichupa vyote kumi na viwili vya watu wa akiba. Kisha nikafungua bolti moja moja, nikapaka sindano ya ndani, ile inayoipiga risasi, na springi yake, kwa mkono wangu, kwa kujisifu. Ilikuwa kipindi cha joto la kaskazi. Bolti ziliteleza vizuri sana. Bunduki za serikali zikanukia wali wa nazi, sisimizi wakazipenda, na watu wakanisifu.

Sasa sikilizeni kosa lilivyo. Mimi ni binti wa Ngomeni. Utotoni, kila Julai asubuhi, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuitoa chupa ya mafuta nje kwenye jua, kwa sababu yameganda na nywele haziwezi kuchanwa. Kila mwanamke wa pwani anayesoma hapa anacheka tayari. Nilijua tangu nikiwa na miaka mitano kwamba mafuta ya nazi huganda kukipoa. Na nilikuwa fundi wa silaha kwa miaka minane. Mambo hayo mawili yalikaa kwenye kichwa kimoja yasisalimiane.

Julai ikaja. Adu kulikuwa na polisi wa akiba aitwaye Katana, mtu mzima, mkulima wa mahindi na mihogo, mpole, bunduki yake ina kovu la panga kwenye kitako. Nilimwita Baba Kadzo kwa jina la bintiye wa kwanza. Alfajiri moja ya baridi nyati aliyejeruhiwa aliingia shambani kwa jirani yake, Karisa. Katana akaitwa, akaja mbio na bunduki na risasi tano. Nyati akamgeukia Karisa. Katana akalenga, akafyatua. Bunduki ikalia tik. Akavuta bolti, risasi ikaruka majanini, akafyatua ya pili. Tik. Akavuta tena, nayo ikaruka, lakini nyati alishampiga Karisa kiunoni akamrusha. Mbwa na watu wenye mienge ndio waliomfukuza. Karisa hakufa, lakini nyonga ilivunjika, na toka siku ile hakulima tena.

Waliokuwa mbali waliona hivi: mwanamume mwenye bunduki amesimama, jirani yake anaumizwa, na hakuna mlio. Bunduki ilipoletwa kituoni ilikuwa na risasi tatu. Katana akasema mbili zilianguka shambani. Mkuu akasema, mtu aliyeogopa kufyatua hakutumia risasi, basi mbili ameziuza. Kupoteza risasi za serikali ni kesi ya jela, na ilianza kuandikwa siku hiyo hiyo.

Nilimkuta Katana amekaa kwenye benchi la nje, viatu vimejaa matope ya Adu.

"Shikamoo, Baba Kadzo."

"Marahaba, afande." Hakuniangalia. "Mulungu anajua nilifyatua."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Iliniambia tik, mara mbili. Kama mtu anayekataa kwa ulimi."

Nilisaini kwenda Adu. Nilipiga magoti kwenye mahindi yaliyolala, na mama yake Katana akapiga magoti upande wa pili, hatuongei, tunapapasa matope mstari kwa mstari. Mchana niliipata ya kwanza. Ya pili aliipata yule mama, akaishika kwa ncha ya leso kana kwamba itamng'ata, na alikuwa na haki, kwa sababu risasi iliyokataa haijaahidi kwamba itaendelea kukataa. Ndiyo maana ikilia tik hamfungui bolti papo hapo. Mnaendelea kulenga na mnahesabu polepole hadi thelathini, isije ikapasuka imechelewa. Katana hakuhesabu. Nami nikiwa na nyati mbele yangu nisingehesabu hata tatu.

Katikati ya kitako cha risasi pana fataki, kile kiduara ambacho sindano hukipiga ili baruti iwake. Kwenye risasi zote mbili fataki ilikuwa na alama. Alama ndogo, kijishimo cha juujuu ambacho ukucha unakihisi kwa shida. Sindano ilifika, lakini ilifika imechoka. Moyo wangu ulifurahi kwanza, nasema kweli. Alifyatua. Si mwoga na si mwizi.

Kisha nikajiuliza kwa nini sindano ichoke.

Kesho yake nilifika ghalani jua halijapanda. Nikaifungua bolti ya bunduki yenye kovu. Springi ilikuwa imevaa koti jeupe zito, kama mchuzi wa mbuzi uliolala, na ndani ya koti hilo mna mchanga na vumbi la miezi sita. Nikainusa. Ilikuwa harufu ya nywele zangu.

Nilikaa kwenye kiti cha Ndolo. Niliogopa. Nilikuwa na mtoto mchanga na mama mgonjwa, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Kisha nikaenda kwa mkuu na risasi mbili kwenye kitambaa na bolti mkononi, nikamweleza yote, mpaka dumu la Mama.

Alisikiliza vizuri. Alikuwa mtu wa hesabu za haraka.

"Risasi zimepatikana, kesi ya wizi imekufa," akasema. "Tutaandika kwamba hakusafisha silaha. Uzembe wa mlinzi. Ataachishwa, atarudi shambani, hakuna jela. Na wewe hakuna atakayekuuliza."

"Alisafisha, afande. Alisafisha kwa nilichompa."

"Sidi, nakusaidia."

"Mimi naandika yangu."

"Andika. Uone nani ataisoma."

Niliandika kurasa mbili kwa mkono. Nilisema mafuta ni yangu, nimeyatia mimi, mlinzi hana kosa. Nikaweka saini, nikaitia ndani ya faili kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akiniangalia. Kisha nikaomba ruhusa ya kwenda Adu tena. Akaninyima. Nikaenda Jumapili, siku yangu, kwa nguo zangu.

Chifu alikuwa ameita baraza. Nikasimama mbele ya watu nikaonyesha risasi mbili, wazipitishe mkono kwa mkono wahisi kile kijishimo kwa ukucha. Nikasema Katana alifyatua mara mbili, na bunduki ilikataa kwa sababu yangu. Nilikuwa nimeleta chupa ya mafuta ya Mama, nimeilaza usiku kucha mahali pa baridi, nyeupe pe. Wanawake waliitazama tu wakaelewa kabla sijamaliza. Mkewe Karisa akainuka.

"Kwa hiyo mume wangu amevunjwa na mafuta ya nywele."

"Ndiyo, mama."

"Na unakuja kutuambia."

"Ndiyo."

Akakaa. Hakunisamehe siku hiyo na sikumwomba, kwa kuwa msamaha wa kuombwa mbele za watu ni kama deni linalodaiwa msibani. Baadaye alinitumia neno kwamba mumewe anataka nimletee mafuta mengine, ya kuchulia nyonga. Niliyapeleka kila mwezi mpaka Karisa alipofariki kwa uzee wake.

Vijana, jambo hilo nililisimulia ghalani kila mwaka, mnalijua. Ndilo lililozaa ile amri yangu mnayoicheka, kwamba kila kichupa kiwekwe kwenye barafu ya muuza samaki kwa saa moja kabla hakijaingia kwenye kitako. Msichojua ni kosa langu la pili, na hilo ni kubwa kuliko la kwanza. Katana hakurudishiwa bunduki. Niliuliza, nikaambiwa nafasi zimejaa. Nikaamini. Kijijini kwake jina lilikuwa safi, na karatasi yangu imo ndani ya faili, basi nikaona yameisha. Miaka mingi sikuifungua faili ile. Mimi, ninayefungua bunduki niliyoiona ikifunguliwa, niliamini faili kwa kulitazama jalada.

Mwaka huu, nikiwa nimebakiza wiki mbili nistaafu, mwanamke mmoja alikuja ghalani akanipigia magoti ya heshima kidogo, mrefu, mwenye macho ya Katana.

"Shikamoo, shangazi. Mimi Kadzo."

Alikuwa ameomba kuwa polisi wa akiba wa Adu. Wazee walimpitisha. Chifu alimpitisha. Kituoni akaambiwa baba yake aliachishwa kwa uzembe wa silaha, na bunduki haiwezi kurudi nyumba ile.

"Baba anasema uliandika," akaniambia. "Hasemi kwa ubaya. Anasema tu, waulizeni, Sidi aliandika."

Niliomba faili. Ilichukua siku nne kupatikana na dakika moja kusomwa. Ilikuwa na karatasi moja, iliyopigwa chapa: uzembe wa mlinzi, hakusafisha silaha. Kurasa zangu mbili hazikuwemo. Matundu ya pini zake yalikuwepo kwenye jalada.

Nilikaa nikaandika upya, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka, na nilikumbuka vizuri. Nikampelekea mkuu wa sasa. Ni kijana mstaarabu na hana hatia yoyote katika hili.

"Mama, mambo ya zamani haya. Unastaafu Ijumaa. Ya nini kujichafua?"

"Nilijichafua zamani, afande. Sasa naoga."

Akasema atalifikiria. Ijumaa ikafika hajamaliza kulifikiria. Saa nane mchana akaja ghalani na kitabu cha makabidhiano, na kijana atakayepokea kazi nyuma yake, na keki imeshakatwa huko nje. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha Ndolo, funguo mbili za ghala zimo ndani ya sidiria.

"Saini hapa, Mama, utupe funguo."

"Piga muhuri hapa, utie kwenye faili, nione. Kisha funguo ni zako."

"Unanitisha?"

"Nakungoja. Bila saini yangu siwezi kustaafu, na nisipostaafu Jumatatu nitakuwa hapa hapa. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka mingi, Jumatatu moja zaidi hainisumbui."

Alisimama. Akatoka. Keki ililiwa, nilisikia vicheko. Saa kumi na nusu akarudi na muhuri na faili, akapiga kurasa zote mbili, akazitia, akanigeuzia niangalie. Nikaangalia. Nikatia kidole, nikapapasa pini. Akaniuliza kama simwamini. Ninyi mnajua nilichomjibu. Kisha nikageuka ukutani, nikatoa funguo.

Nakala tatu zaidi zipo. Moja iko kwa Katana, moja kwa chifu, moja iko hapa kibarazani chini ya chupa, upepo usiichukue. Aliyechomoa ile ya kwanza, kama yu hai na anasoma, ajue kwamba ninaweza kuandika haraka kuliko yeye anavyoweza kuchomoa.

Nilidhani hapo ndipo pa kumalizia. Lakini jana, nikiwa nachambua mchele, kijana aliyepokea ghala langu akanipigia simu. Simtaji, atajijua, na masikio yake yatamwasha.

"Shikamoo, Mama. Samahani kukusumbua. Yule Kadzo wa Adu amekubaliwa, amekuja kuchukua bunduki. Nimempa ile ya babake, yenye kovu."

"Marahaba. Vizuri. Sasa shida?"

"Amefungua bolti, ametazama, ametia kidole. Nimemwambia nimeshaikagua, akafungua tena. Hilo sawa. Lakini amekataa kusaini."

"Kwa nini?"

"Ametoa kile kichupa kwenye kitako. Anasema hasaini mpaka aambiwe mna mafuta gani ndani." Akashusha pumzi. "Mama, watu wamepanga foleni mpaka nje. Nimwambieje?"

Nikaweka ungo chini. Katika miaka yangu yote hakuna mtu wa akiba aliyewahi kuniuliza swali hilo, na kama Katana angeniuliza, Karisa angezikwa na nyonga nzima.

"Mwambie," nikasema. "Kwani mna mafuta gani?"

Nikasikia foleni ikinung'unika, nikasikia kifuniko cha kichupa kikifunguliwa, nikamsikia akinusa.